Adelfina, mchora ramani anayeyafuata mabomba hadi chini ya mihogo

Saa moja asubuhi, Kasulo wilayani Ngara. Adelfina Bigirimana amesimama kando ya shamba la mihogo. Mkono mmoja umeshika ramani, mwingine umeinua GPS, kifaa cha kiganjani kinachosoma setilaiti na kumwambia mtu mahali aliposimama. Mbele yake mafundi wa maji wameshachimba mashimo mawili, na yote ni makavu.

"Mama Ramani, hapa hakuna kitu," anasema Nduwayo, mkimbizi na kiongozi wa mafundi, akijifuta jasho kwa kofia. "Tumechimba penye vigingi vyako. Labda bomba limerudi Burundi kabla yetu."

Mafundi wanacheka. Adelfina leo hana uso wa kucheka.

Chini ya kilima, bomba linalolisha upande wa kaskazini wa kambi ya wakimbizi limepasuka tangu jana jioni. Haliwezi kuzibwa mpaka koki yake ifungwe, na koki hiyo imefukiwa mahali fulani kilimani hapa. Kufunga tangini kungekausha kambi nzima, hospitali ikiwemo. Wakiacha hivi hivi, tangi litakuwa tupu kufikia jioni, na dizeli ya pampu ya kulijaza tena haijulikani itafika lini.

Kambini akina mama wamepanga madumu. "Mwaka jana maji yalipokatika tulichota bondeni," anasema Leonsia, mkimbizi kutoka Burundi. "Mtoto wangu wa mwisho aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Sirudi bondeni mimi. Nitakaa hapa hapa mpaka yatoke."

Adelfina ni mwenyeji, mtoto wa wakulima Wakatoliki wa Kibimba. Mwaka 1994, watu kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa maelfu, alikuwa kidato cha pili. "Tulilala na vilima vya majani, tukaamka na vilima vya maturubai," anakumbuka. Alipomaliza kidato cha nne alipata ukarani katika shirika moja la maji kambini. Kisha akaja Odeta, mtaalamu wa ramani, akitafuta mtu wa kufundisha.

"Wenzangu walitaka kukaa kwenye kompyuta. Mimi nilipenda kutembea," anasema. "Odeta alikuwa na sheria moja tu: usichore mahali ambapo hujapakanyaga."

Basi akakanyaga. Kwa mwaka mzima aliufuata mtandao wote wa maji, zaidi ya kilomita arobaini, koki kwa koki, akipima na kuingiza kwenye kompyuta. Kabla ya hapo ramani ilikuwa vichwani mwa mafundi, na fundi akirudi kwao aliondoka na koki zake. Siku hizi mafundi hupewa karatasi kila asubuhi inayoonyesha bomba lilipo, unene wake, na koki ipi inafunga wapi. Kazi iliyokuwa ikila siku mbili huisha kabla ya chakula cha mchana.

Hata hivyo, fundi ni mtu wa kuona kwa macho. Walitaka na alama ardhini. Vigingi vikavu viliishia jikoni, maana kambini kijiti kikavu hakilali nje. Adelfina akakata vigingi vibichi vya minyaa, ambayo utomvu wake huwasha macho na hakuna anayethubutu kuiweka chini ya sufuria.

"Nilijiona nina akili kuliko Odeta," anasema, na sasa anacheka kweli. Msichana wa Kibimba alipaswa kujua kwamba kijiti cha minyaa hakiombi ruhusa kuota. Mvua za vuli ziliponyesha, vigingi vikachipua.

Asubuhi hii minyaa hiyo imesimama pale penye mashimo makavu. GPS, nayo, inaelekeza mbali kidogo, katikati ya mihogo.

Nduwayo anatazama kifaa, anatazama minyaa, kisha anamtazama yeye. "Vigingi umeweka wewe, ramani umechora wewe. Nimwamini Adelfina yupi?"

Swali hilo lilimchoma. "Nilijua kama ramani ni ya uongo hapa, watasema ni ya uongo kote," anasema. "Wangerudi kuchimba kwa kubahatisha, na akina Leonsia wangerudi bondeni."

Anaitazama tena minyaa. Imepangwa mstari mmoja ulionyooka, nadhifu. Yeye aliizungushia koki, hakuipanga mstari. Tena anakumbuka siku ya kupima, alisimama kwenye mteremko, miguu ikiteleza kwenye udongo uliolimwa. Hapa penye minyaa ni tambarare, na hapajalimwa.

"Mwamini aliyekanyaga," anamjibu Nduwayo. "Tunaingia kwenye mihogo."

Hapo hapo anatokea mwenye mihogo, Mzee Bernardo, jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnamzika nani shambani kwangu?"

Adelfina anaeleza habari ya bomba, kisha anauliza kuhusu minyaa. Mzee anashusha jembe.

"Ile niliihamisha mimi," anasema bila kupepesa macho. "Mwanangu, wewe ni wa hapa. Mtu akikuta minyaa inachipua katikati ya mihogo yake, huo si mpaka? Nikasema, watu wa kambi wamelimega shamba langu. Nikaing'oa, nikaipanda kwenye mpaka wangu wa kweli. Sikuitupa. Minyaa mizuri haitupwi."

Huku Ngara, anayepanda minyaa ametamka neno: mpaka hapa ni kwangu. Adelfina alikuwa ametamka neno hilo kwenye shamba la mtu bila kujua.

"Ulikuwa na haki, mzee. Kosa ni langu. Ningebisha hodi kwanza."

"Sasa umebisha," anajibu mzee, na kwa mikono yake mwenyewe anaanza kung'oa mashina ya mihogo yaliyo njiani.

Nduwayo anachoma ardhi kwa mtaimbo. Udongo. Anasogea kidogo, anachoma tena. Udongo. Anasogea upande wa chini, na safari hii chuma kinajibu. Mafundi wanayarukia majembe yao. Mfuniko unafunuliwa, koki inazungushwa, na chini ya kilima, penye bomba lililopasuka, mvumo wa maji unakufa. Mtu mmoja anapiga kigelegele. Ni Mzee Bernardo.

Alasiri bomba limeshazibwa na dumu la Leonsia linajaa. Adelfina amesimama pembeni akitazama. "Najivunia, kwa nini nifiche?" anasema. "Maji yale yamepita kwenye mstari niliouchora mimi."

Sasa alama zake ni za saruji, na haweki hata moja bila kuonana na mwenye shamba. Minyaa ya mzee nayo imo kwenye ramani, mstari wa kijani wenye jina lake, asije mtu akachimba pale tena.

Wakimbizi wanarudi kwao kidogo kidogo, na iko siku kambi itafungwa. Adelfina anataka ramani yake ikabidhiwe vijiji jirani, maji hayo yawe yao, na siku moja bomba lifike Kibimba, ambako mama yake bado anapanda kilima na ndoo kichwani. Kila Jumamosi anaipima njia hiyo kwa miguu yake.

Nduwayo naye ameshajiandikisha kurudi Burundi. "Zamani fundi aliondoka na koki zake," anasema, akimwonyesha Adelfina kwa kidevu. "Mimi nitaondoka na nguo zangu tu. Koki zote ziko kwa huyu."