Miti Iliyopandwa Ihesabiwe

Wasomaji wangu, rafiki yangu wa Bugarama amefariki. Nasema rafiki, ingawa kwa kweli tulikuwa watu wa kufahamiana tu: dereva wa lori aliyekuwa akinipa lifti kila nilipokwama njia ya Kahama, na ambaye baada ya kustaafu nilizoea kupita kwake nikiwa na safari za upande ule. Mdogo wake alinipigia simu asubuhi nikiwa mezani na sahani ya matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga. Alisema presha ilimpanda, wakamkimbiza hospitali, akakata roho kabla ya mchana wa jana. Nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikakata simu, nikaendelea kula. Mke wangu aliponiuliza kuna nini, nilimjibu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kupotea kwa mbuzi. Sikulia siku ile, na mpaka naandika haya sijalia. Nina ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu.

Nimekuwa nikiwaza uwanja wake kuliko ninavyomuwaza yeye. Mnaoishi huku kwetu mnajua maana ya kutegesha. Zinavuma habari kwamba mgodi utapanuka, basi watu wanapanda miti na kusimamisha vibanda pale wanapodhani mpaka utapita, ili watathmini wakija wakute vya kuhesabu na fidia inone. Uvumi huo ulipopita mtaani kwake, rafiki yangu alinunua miche ya mikaratusi na mijohoro akaipanda kwa kubanana kama mahindi. Alipanda mbele, nyuma, kando ya kuta, mpaka mahali mkewe alipokuwa akianika nguo. Majirani walimtania kwamba asipoangaliwa atapanda hata ndani ya birika. Yeye alicheka, akaendelea kumwagilia. Hakuipanda kwa ajili ya kivuli, wala matunda, wala mbao. Ilipandwa ihesabiwe.

Hakuja mtu. Uvumi ulihamia vijiji vingine, na miti haikujua hilo, ikaota. Ilipita madirisha, ikapita bati, ikaanza kuishi pale zaidi kuliko wenye nyumba. Nilipokuwa nikipita nilikuta taa imewashwa saa sita mchana. Majani yaliziba mifereji ya paa na maji ya mvua yakarudi ukutani, chumba cha kulala kikaota ukungu, mizizi ikapasua chemba ya choo na kunyanyua sakafu ya baraza. Mkewe aliomba ikatwe. Aliomba kwa upole, akaomba kwa ukali, akaomba mbele yangu mimi mgeni huku akinimiminia chai. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba watu wa tathmini wangekuja, na ukikata leo kesho utajuta. Mwishowe yule mama akafunga nguo zake akaenda kwa binti yao Kahama. Alisema hakuolewa ili aishi porini. Nilidhani angerudi baada ya wiki, lakini aligoma, naye mumewe akabaki gizani akilinda miti.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka kuwaambia. Kiangazi kilichopita nilipita pale nikaikosa nyumba, nikadhani nimepotea njia. Upande wa mashariki ulikuwa mweupe, umejaa mwanga. Mwenyeji wangu alitoka kwenye rundo la matawi, kavaa kofia ya udereva, akanisalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", kabla sijatoa shikamoo yangu. Alikuwa ameita watu wa chenso, ule msumeno wa mashine, lakini hakuwaacha wafyeke kila kitu. Akanitembeza. Ile iliyoegemea paa ilipunguzwa matawi kwanza, kisha shina likakatwa vipande kutoka juu na kushushwa kwa kamba, ili isiangukie bati. Visiki vya mikaratusi alikuwa akivipitia kila mara kwa panga, kwa sababu usipovifuatilia vinachipua na unarudi ulikotoka. Mijohoro michache aliiacha upande wa upepo, na chini ya mmojawapo alikwisha chimbia miguu ya benchi. Mahali pa kuanikia nguo palikuwa na kamba mpya, haina nguo. Nikamwuliza ni nini kilichombadilisha. Alikaa juu ya gogo, akavua kofia.

"Hawaji, bwana," akasema. "Nimewasubiri watu nisiowajua, na ninayemjua nikamwacha aende."

Nikamwambia basi ampigie simu mkewe leo hii, aje aone. Akatikisa kichwa. Upande wa magharibi bado ulikuwa msitu, maua hayajapandwa, baraza haijasakafiwa. Alitaka akimwita, aingie kwenye uwanja uliokamilika. Aliniomba nisimwambie mtu. Nilimwona mwenye furaha siku ile kuliko siku zote nilizomjua, nikaondoka zangu.

Mazishini niliukuta upande wa magharibi vile vile, umesimama na giza lake. Mkewe alikuwa amefika kutoka Kahama, amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzake, uso mkavu kama wangu. Baada ya watu kupungua aliniita kando, akaniuliza, "Shemeji, alianza lini kukata?" Nikamwambia tangu kiangazi. Akauliza mbona hakumpigia. Nikamweleza yote: benchi, kamba ya nguo, upande uliobaki, na kwamba alitaka amalize kwanza. Alinisikiliza akitazama visiki. Siku chache tu bila panga zilikuwa zimetosha, vilikwisha toa machipukizi ya kijani. Akainama akayavunja ya kile kilichokuwa karibu naye, moja baada ya jingine, kwa vidole.

"Leo nimeamkia chumbani kwetu, jua limefika mpaka kitandani," akasema. "Hilo tu lingenitosha."

Kisha akamwambia binti yake asiondoke bila kumpa ufunguo wa nyumba ile, kwa kuwa yeye harudi Kahama.

Nimerudi Shinyanga na ganzi yangu. Natazama mtaani kwetu, naona jinsi tulivyo wengi wa namna ile. Tunaziacha nyumba zetu zifunikwe kwa sababu ya watu tunaodhani watapita siku moja kututhamini. Na hata tukizinduka, tunaanza kungoja kwa namna nyingine, tunangoja tumalize, tupendeze, tuwe na uwanja wa kuonyesha. Rafiki yangu alishinda kungoja kwa kwanza, na kwa hilo namheshimu, maana si kazi ndogo kukata mti uliokuwa tumaini lako. Kungoja kwa pili ndiko kulikomshinda. Kama una nyumba iliyozidiwa na miti, kata, na anza na ile iliyo karibu na dirisha la chumba cha kulala. Jua likiingia tu, piga simu. Upande wa magharibi mtaumaliza wawili.