Picha ya Mwezi wa Saba

Mimi Fausta nina mazoea yangu, na mtu asinicheke. Kila Desemba napeleka simu studio kwa Gasper, nasafisha picha kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, nabandika kwenye albamu. Wanangu wananiambia mama umepitwa na wakati, picha si ziko kwenye simu? Haya, simu ikidumbukia kwenye ndoo ya maji je? Albamu yangu haijawahi kuisha chaji hata siku moja.

Mwaka huu nilikwenda Jumamosi asubuhi, na nilikwenda makusudi. Siku hiyo mdogo wangu Enesi, anayekaa Nakonde, Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu hapa Tunduma, alikuwa anahama. Anamfuata mwanawe Ndola, vyombo vyote kwenye lori, na Ndola si mahali pa kwenda kunywa chai na kurudi. Tangu Julai tulikuwa hatusemezani. Nilishaapa: asipokuja kuniomba radhi, siendi kumuaga, aende zake. Lakini kukaa nyumbani nikijua anapakia mizigo kulinishinda, ndiyo nikakimbilia studio.

Gasper akanivutia kiti, tukaanza kuchagua. Januari niko sokoni kwenye tope, nimevaa buti za mvua, mguu mmoja umezama na ndoo ya maharage nimeinyanyua juu. Bora nizame mimi kuliko maharage. Aprili ni kwaya ya akina mama siku ya Pasaka. Wote tunatabasamu isipokuwa mwenyekiti wetu, amemkodolea macho mwenzetu aliyeshona mikono mirefu wakati tulikubaliana mifupi. Mei ni ile foleni ya malori iliyofika mpaka kwangu, na dereva mmoja kaingiza mkono dirishani anapokea chapati. Wiki nzima niliuza bila kutoka ndani. Juni zilikuwa picha ishirini na tatu za kidole changu, maana simu ilikuwa mpya. Gasper akacheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia toa moja, nacho ni kidole cha mwaka huu.

Ikaja Julai.

Julai tulimbatiza mjukuu wangu Leah, na Enesi ndiye aliyekuwa amechaguliwa kuwa mama wa ubatizo. Alilala kwangu, usiku kucha tukapika. Asubuhi mimi nikatangulia kanisani na mtoto, yeye akabaki na masufuria kidogo. Simu yake ilikuwa imezima, nikamwachia yangu nikamwambia, "Ikifika saa tatu na nusu, acha kila kitu, uje. Ubatizo ni saa nne." Saa nne ikafika, Enesi hayupo. Mchungaji akasubiri, akakohoa, akasubiri tena. Mwishowe mtoto akashikwa na mke wa mzee wa kanisa, mama wa watu ambaye hata ndugu yetu si. Enesi akatokea saa tano kasoro, anahema, shali jeupe la mtoto mkononi. "Dada, nimetoka saa tatu na nusu, kama ulivyosema!" Nikampokonya simu, nikaitazama: saa tano kasoro dakika kumi. Kutoka kwangu mpaka kanisani ni mwendo wa dakika ishirini! Basi nikapandisha hasira. Pale uwanjani, mbele ya waumini wote, nikamwita mwongo, nikamwambia alikuwa anajipaka mafuta kwenye kioo. Akaliweka shali juu ya benchi, akaondoka bila kula.

Sasa Gasper akatoa picha moja ya siku ile. Ni mimi napanda bajaji na mtoto, Enesi ndiye aliyeipiga akiwa mlangoni. Mashine ya Gasper huandika tarehe na saa pembeni. Nikasoma: saa moja na dakika nne.

"Mashine yako imechakaa," nikamwambia. "Mimi nilitoka saa mbili. Kengele ya kanisa ilikuwa inalia nikiwa napanda."

Gasper akaitazama picha, akanitazama mimi. "Mama Fausta, jiko lako si lile linalotazama mpakani?"

Mungu wangu! Jambo hili sisi wa Tunduma tunalijua kama majina yetu. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Simu ikikaa karibu na mpaka hunasa mtandao wa kwao, saa inajirudisha yenyewe, na ukisogea huku kwetu inajirekebisha kama vile haikufanya kitu. Kila mwenye akili huifunga saa ya simu isibadilike. Yangu ilikuwa mpya, nikasahau. Enesi aliangalia saa tatu na nusu kweli, akatoka kweli, kumbe ilikuwa saa nne na nusu. Nimemnunia mtu miezi mitano kwa kosa langu mwenyewe!

"Nipe hiyo picha," nikamwambia Gasper. "Nyingine nitafuata."

Nilitoka studio saa sita kamili, nikavuka mpaka kwa miguu nusu natembea nusu nakimbia, nikafika kwa Enesi saa tano na nusu. Hiyo ndiyo raha ya Zambia, unafika kabla hujatoka. Lori lilikuwa limejaa, turubai linafungwa. Uani majirani wamejaa, wapakiaji wanakunywa maji, na Enesi amesimama katikati na funguo mkononi.

"Dada," akasema. "Umefuata nini?"

Nikamsogelea, nikampa picha, nikamweleza kwa sauti ya chini habari za kengele, jiko na mtandao. Alizisikiliza zote. Akaitazama picha.

"Mbona unanong'ona?" akaniuliza. "Siku ile hukunong'ona."

Nilitaka kuchukia, nikakosa pa kuanzia. Mtoto wa mama yangu alikuwa na haki, na mimi ndiye mkubwa. Kulikuwa na kiti kimoja ambacho hakijapakiwa. Nikakipanda, na uzito wangu huu, na umri wangu huu.

"Mwebantu!" nikaita kwa Kibemba, yaani enyi watu, wote wakageuka. Kisha nikaendelea kwa Kiswahili, na penye uzito nikarudia kwa Kinamwanga. "Mimi ni dada yake huyu. Mwezi wa saba nilimwita mwongo mbele ya kanisa zima. Hakudanganya! Saa ya simu yangu ndiyo iliyokuwa nyuma, na mwenye kosa ni mimi. Enesi, nisamehe."

Enesi machozi yanamtiririka, hayafuti.

"Rudia, dada," akasema. "Wale wa juu ya lori hawajasikia."

Nikarudia.