Barua Kutoka kwa Kamau

Leo asubuhi nimepokea barua pepe kutoka kwa mtu tuliyemzika Alhamisi.

Kamau alikuwa katibu wa kamati ya mazishi kanisani kwetu, hapa Ngoliba. Kila msiba alinitumia picha na nakala za vitambulisho, nami nikaandika wasifu wa marehemu.

Niwaeleze kidogo. Kichujio cha barua taka kilikuwa kikizuia barua zake kila mara. Nikachoka, nikakiamuru kiziruhusu zote. Msiba haungoji.

Barua ya leo ilisema: "Mwalimu, picha za mazishi hizi hapa."

Programu ya kuzuia virusi ikanionya. Nikadhani ni mwanawe anatumia anwani ya babake, nikabonyeza "Ruhusu".

Hapakuwa na picha.

Baada ya nusu saa Wanjiru, bintiye Kamau, akanipigia.

"Mwalimu, hizo picha za baba ulizonitumia zinakataa kufunguka."

"Sijakutumia kitu, mami. Umebonyeza?"

"Mara tatu."

Nimezima intaneti, lakini nimechelewa. Aliyeiba anwani ya Kamau ameingia kwenye kompyuta yangu, penye vitambulisho vya familia zote nilizowahi kuziandikia, na sasa anawaandikia kwa jina langu.

Ukipata barua yangu, usiifungue. Kama umeshaifungua, sema hapa chini. Sitakucheka, mimi ndiye wa kwanza.

Mjane wa Kamau amenijibu kwa ujumbe wa simu sasa hivi:

"Asante Mwalimu. Kwangu hazifunguki, lakini nimezituma kwa ukoo wote, wajaribu."