Wanaokula Chungu Kimoja

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bumala, msimamizi alitukalisha kwenye ukumbi wa kanisa akatuambia tusahau neno familia. "Sisi tunahesabu kaya," alisema. "Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mkikosea hapo, mmekosea yote." Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kupima umaskini: kuuliza watoto, vijana na wazee wanakula nini, kisha kurudi kwa kaya zile zile baada ya miaka kuona nani amepanda na nani ameshuka.

Nilianzia Malaba. Vijana wanaopakua mizigo mpakani walikula kibandani, kila mtu na sahani yake, kwa hiyo kila mmoja alikuwa kaya. "Madam, mimi ndio baba, mimi ndio mtoto," mmoja alinitania. "Andika tu nimeshiba." Huko tulicheka. Butula sikucheka.

Nilipelekwa Butula nikiwa karibu kustaafu. Shirika fulani lilikuwa likigawa unga na maharagwe kwa wazee wanaojipikia, na afisa wa takwimu alitupigia simu akiwa mkali. Duru iliyopita ya maswali yetu ilionyesha wazee wa huko wanakula na watoto wao, hawana shida. Tukileta majibu yale yale, chakula kingehamishiwa kwingine, na majibu aliyataka jioni hiyo.

Boma la mwisho lilikuwa la Kukhu Nabwire. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kule. Alikuwa mjane, na kijumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya mwanawe. Huyo mwana, mzee wa kanisa, aliketi katikati yetu. Niliuliza kama tulivyofundishwa: mnakula chungu kimoja?

"Kimoja," Kukhu alijibu haraka, macho chini.

Msimamizi niliyekuwa naye siku hiyo akatazama saa. "Ameshajibu, madam. Jaza twende."

Sikujaza. Nilikuwa nimeona alivyokonda, na hasira zilinipanda. Kwetu, mama akisema mbele ya wageni kwamba anajipikia, amemvua mwanawe nguo. Ni mama gani angejibu vingine, kijana wake akiwa ameketi pale? Na ndivyo tulivyokuwa tukiuliza kila boma, duru baada ya duru.

Nikaomba maji ya kunywa, nikamfuata jikoni, mahali ambapo wanaume wale wasingetufuata. Motoni palikuwa na sufuria ndogo ya mihogo, bila kitu kingine.

"Kukhu, huu moto unawasha wewe?"

"Ni mimi."

"Na jana?"

"Ni mimi. Bibi ya kijana wangu hanitaki kwa meza yao. Lakini usiandike, mwanangu. Utaniharibia kijana."

"Nisipoandika, chakula cha wazee kinaondoka."

Alisogeza kuni motoni. Nje msimamizi aliniita mara ya pili, na nilisikia kiti cha mwanawe kikisogea.

"Andika," Kukhu akasema. "Lakini usisome kwa sauti."

Nilimwandika kaya yake peke yake. Njiani nilimwambia msimamizi kwamba lazima turudi kwa wazee wote, tuwaulize jikoni.

"Na mimi nimwambie afisa nini?"

"Mwambie tulikuwa tunauliza sebuleni."

Afisa alifoka, kisha akatuongezea muda, tukarudi kuwauliza jikoni. Ripoti ilipotoka, wakubwa walishangaa jinsi umaskini wa wazee ulivyopanda ghafla. Haukuwa umepanda. Ulikuwepo tu, na chakula kikabaki Butula.

Sasa nimestaafu. Juzi nilikutana na Kukhu sokoni Khunyangu, amenawiri, anacheka. Aliniambia kwamba akipewa unga wake humkabidhi mkaza mwana, na siku hizi anaitwa mezani kama watu wengine.

"Nasikia karani mwingine wa kuhesabu kaya anakuja," akasema. "Huyo nitamjibu mbele ya kijana wangu, chungu kimoja, na sitadanganya."

Wanaokula na watoto wao hawapewi unga. Nilimshika mkono, nikashindwa kumwambia.