Mafiga ya Kiunoni

Daktari aliniambia nisiiname. Alisema hivyo kwa Kiswahili safi, akaosha mikono, akamwita mgonjwa mwingine. Nilikaa kwenye benchi la nje la hospitali ile ya misheni nikacheka peke yangu, hadi mama aliyekuwa kando yangu akamsogeza mtoto wake mbali nami. Nisiiname! Mimi, mke wa mtu, kwenye kilima cha Nyaramba, mwenye wimbi la kupalilia, ng'ombe wa kukamua, watoto wawili wa kuogesha na mafiga matatu sakafuni. Angeniambia nisipumue ningemwelewa upesi zaidi.

Mgongo wenyewe uliharibika siku ya mvua, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nikishuka na kikapu cha chai kwenda kituo cha kuuzia majani. Udongo wetu mwekundu ukilowa hauna adabu. Niliteleza, nikaanguka kwa makalio, kikapu kikanipiga mgongoni, majani yakamwagika njiani. Nikayakusanya yote kwanza, ndipo nikalia. Tangu siku hiyo kuna kitu kimekaa pale chini ya kiuno, upande wa kushoto, kinaamka kabla yangu na kulala baada yangu.

Nilipewa kila dawa. Nilichanjwa chale, nikapakwa majivu, nikanyweshwa mizizi michungu. Nilichuliwa kwa mafuta ya duka la Mhindi mjini Kisii mpaka nguo zangu zikanuka karafuu. Wazee wa kanisa waliniombea, na nikashukuru, maana maombi angalau hayakuwa machungu. Maumivu yalikaa kimya wageni wakiwapo, wakiondoka yanaanza upya. Ikafika siku nikachoka kuyabembeleza. Nikasema, kama hayataki kuondoka, basi yatakaa kwangu kwa masharti yangu.

Sharti la kwanza lilikuwa jiwe. Nilikuwa na kipande cha lile jiwe laini wanalochonga upande wa Tabaka, kipana kama kiganja cha mwanamume. Nilikiweka kando ya makaa hadi kishike moto, nikakifunga ndani ya sweta kuukuu, nikakiegemea. Jiwe lile hushika joto kwa muda mrefu kuliko chupa yoyote ya maji moto. Sharti la pili lilikuwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli ya mume wangu, ule uliojaa viraka. Niliukata kwa kisu, nikajifunga kiunoni chini ya nguo, nikaukaza. Ulinishika vizuri ajabu. Kasoro yake ni kwamba ulilia. Siku ya Sabato, kanisa zima likiwa kimya kwenye maombi, nikisogea kidogo tu, kiuno changu kilijibu kabla ya mchungaji kusema amina.

Kisha nikalifunga fagio letu la kawaida, lile fupi la kushika mkono mmoja, kwenye fimbo ndefu, nikafagia uwanja nikiwa wima. Nikalitoa jembe mpini wake nikatia mwingine uliofika kidevuni. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani yangu, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango, alisimama kwenye ua wa migomba akanitazama nikifagia, akaita kwa sauti, "Mzungu, umeamkaje?" Nikamjibu kwamba nimeamka nikiwa nimenyooka, sijui yeye. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema mimi ni mwanamke asiyeinama.

Neno hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Kwetu mke huinama. Huinama akifagia, akipalilia, akisonga obokima, ule ugali wetu mgumu wa wimbi, na akimpokea mkubwa wake huinama tena. Mwanamke asiyeinama si mgonjwa, ana kiburi. Hivyo mgongo wangu ukageuka kuwa tabia yangu.

Nyumbani hasa ndiko nilikoshindwa. Jembe unaweza kulirefusha, lakini mafiga yalikuwa chini, na obokima hausongwi kwa mkono peke yake. Husongwa kwa mgongo. Nilijaribu kukaa kwenye kigoda, ikawa mbaya zaidi. Nilijaribu kupiga magoti, nikashindwa kuinuka, sufuria ikaungua mbele yangu nikiitazama. Siku nyingine watoto walikula ndizi za kuchemsha asubuhi, mchana na jioni.

Mafiga yale hayakuwa yangu. Nilipoolewa, mama mkwe aliyaokota mwenyewe mtoni, akayabeba, akayapanga ndani ya nyumba yangu kwa mikono yake, ndivyo ilivyokuwa desturi ya mji ule. Aliyeyaweka ndiye mwenye ruhusa ya kuyahamisha. Mke akiyahamisha mwenyewe ni kama amesema anahama na ndoa.

Basi siku moja mama mkwe alikuja, akaona sufuria iliyoungua, akaketi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mchapakazi, asiyepoteza neno.

"Mokamwana," akaniita, yaani mke wa mwanangu, "mafiga niliyoyaweka hayawezi kukaa bila mtu wa kuyainamia. Kuna msichana kule Keumbu, wa watu wetu. Atakuja kukusaidia."

"Kunisaidia nini, Mama?"

"Kuinama."

Nilijua msaada wa namna hiyo. Sisi ni watu wa Sabato na kanisa halikubali wake wawili, lakini nilikuwa nimeona wasaidizi kadhaa vilimani kwetu. Huja na kibeti kidogo. Mwaka haujaisha, msaidizi ana tumbo, na mwenye nyumba amekuwa mgeni anayepewa kiti karibu na mlango. Mama mkwe alisema angemleta baada ya mavuno ya wimbi. Mume wangu, aliyekuwa karani mjini Kisii na kuja nyumbani kila Ijumaa, nilimwuliza anasemaje. Akasema mama yake hana nia mbaya. Nilimtazama mpaka akatoka nje kukagua ng'ombe ambaye hakuwa mgonjwa.

Niliwaka hasira kwa siku kadhaa. Nilikuwa bado ninawaka asubuhi ile bwana shamba alipokuja kutufundisha kupogoa chai. Alitupanga kwenye mistari akatuonyesha kwa fimbo: mti wa chai usiachwe urefuke, usikatwe ukawa mfupi. Meza ya chai, alisema, iwe kiunoni mwa mchumaji, "kwa sababu mchumaji akiinama kutwa, mgongo utamuuma, na kazi itaharibika."

Wenzangu waliitikia. Mimi niliona kizunguzungu. Majani ya kunywewa na watu wa mbali tuliyainua hadi kiunoni ili mgongo usiume. Chakula cha watoto wangu kilikuwa sakafuni.

Niliporudi nilianza kazi. Nilimwomba jirani, yule wa mdomo, anisombee udongo wa kichuguu na mawe madogo. Alikuja kwa udadisi zaidi kuliko huruma, lakini alisomba. Udongo niliukanda kwa miguu, jinsi tunavyokanda wa kuta, na kazi ya miguu haihitaji kuinama. Nikajenga jukwaa ukutani, upande wa pili wa jiko, mraba, nikaliinua safu kwa safu hadi kiunoni mwangu, nikalikandika kwa kinyesi cha ng'ombe, nikaliacha likauke. Jirani alilizunguka, akauliza ni kaburi la nani.

"La msichana wa Keumbu," nikamwambia. Alicheka hadi akashika ukuta.

Mafiga sikuyagusa. Yalibaki chini, penye majivu yake. Nilisubiri Ijumaa.

Asiyeijua Sabato hawezi kuelewa Ijumaa yetu. Jua likizama Ijumaa, moto wa kupikia unapumzika hadi jioni ya siku ya pili. Kila kitu kitakacholiwa lazima kiwe kimepikwa kabla. Na chakula cha Sabato cha mji wote, cha mama mkwe na baba mkwe pia, kilipikwa kwangu. Ijumaa hiyo nilichambua mboga za chinsaga, nikachuja maziwa, nikapima unga, nikajaza maji kwenye chungu. Kisha nikaegemea jukwaa langu, jiwe langu la moto mgongoni, sikuwasha kitu. Nilikuwa naogopa, sikatai.

Mume wangu alifika na viatu vyake vya ofisi. Akaona jukwaa, akaona mafiga, akaona sufuria tupu. Hakuwa mjinga. Akavua koti.

"Nitayainua mimi," akasema.

"Usiyaguse. Ukiyainua wewe, kesho watasema nimekuloga. Nenda ukae nje."

Akaenda. Nikapaza sauti kupitia migomba, nikamwita mama yake.

Alikuja akipangusa mikono. Alitazama jukwaa muda mrefu, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama anayenunua chungu sokoni.

"Hiki ni nini?"

"Ni sakafu, Mama. Nimeiinua."

"Mafiga ya mke hayahamishwi."

"Ndiyo maana sijayahamisha. Nakungoja wewe uliyeyaweka."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitapika chini siku mgongo wangu utakapopona, na leo haujapona. Kesho nitashinda njaa pamoja nanyi, na sitanung'unika. Lakini mtu wa kuniinamia sitamkubali. Akiingia mlango huu, Mama, atanikuta kwenye jiko hili nimesimama, na nitasimama hapa mpaka nizeeke."

Sikuwahi kusema naye hivyo. Uso wake ulikuwa mgumu kama mlango uliofungwa. Alinikumbusha kwamba yeye aliinamia mafiga ya mama mkwe wake akiwa na mimba, akiwa na homa, akiwa amefiwa. Nikamwambia najua, na nampa pole. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Mwanga mlangoni ulikuwa unageuka rangi.

Ndipo tukasikia kikohozi uani. Baba mkwe, kwa heshima zetu, hakanyagi ndani ya nyumba ya mke wa mwanawe. Alisimama mbali, ametugeuzia mgongo, akasema na migomba.

"Jua linazama. Humo ndani mnapika au mnahubiri?"

Mama mkwe alifumba macho. Kisha akakunja kanga yake, akainama, akalibeba figa la kwanza. Nilimwona akisimama nusu njia, mkono mmoja ukishuka kiunoni, upande wa kushoto, pale pale. Sikuthubutu kumsaidia. Alilipandisha jukwaani kwa kishindo, akarudia la pili, akarudia la tatu. Akayapanga mwenyewe, akayasogeza, akayapima kwa sufuria. Akawasha moto. Kisha akachukua mwiko.

"Tuone kama kitu hiki kinapika," akasema.

Alisonga obokima ule akiwa wima, akitafuta kosa. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na ilikuwa mara ya kwanza kuuona hivyo tangu niolewe. Obokima ulipoiva aliendelea kuusonga. Uliiva kupita kiasi, na bado hakunirudishia mwiko.

"Ni juu kidogo," akasema hatimaye.

"Ni kipimo cha kiuno changu, Mama. Chako tutakipima Jumapili."

Akapakua. Tangu hapo hakuna aliyelitaja tena jina la Keumbu, na wimbi lilivunwa, likaanikwa, likapurwa, hakuja mtu wa kunisaidia kuinama. Mume wangu alijaribu kuniambia kwamba siku zote alikuwa upande wangu. Nikamwambia alete mpira mwingine wa baiskeli, ule wa kwanza ulikuwa umechoka.

Na Jumapili ile nilikanda udongo wa mama mkwe kwa miguu yangu mwenyewe, kiuno kikilia kwa mpira kila hatua. Nilifanya hivyo kwa furaha na kwa ushindi, na ushindi ulikuwa mkubwa kuliko furaha.

Miezi ikapita. Siku moja baada ya kanisa nilimkuta mama mkwe katikati ya wanawake, jirani yangu akiwemo, wakimuuliza habari za jiko linalosimama. Yeye hakuniona, nikasikiliza.

"Mimi ndiye niliyeyapandisha," alikuwa anasema. "Niliona mke wa mwanangu ana mgongo mbovu, nikamwambia, mwanangu, usiiname, nitakuinulia mafiga. Nyinyi wengine mnasubiri nini? Mpaka wavunjike?"

Jirani alinitupia jicho juu ya bega lake. Alikuwa amejaa kicheko mpaka shingoni, akingoja nimkanushe mkwe wangu mbele ya kanisa. Damu ilinichemka. Udongo ulikuwa wangu, wazo langu, woga wangu wa Ijumaa ile ulikuwa wangu peke yangu.

Kisha nikakumbuka maharagwe niliyoyaacha jikoni kwangu, kwenye jukwaa langu, yakisubiri tu jioni iingie tuwashe moto. Nikakaza mpira kiunoni, nikashika njia ya nyumbani. Sifa aende nazo. Mwiko ulikuwa wangu.