Tadei Aliposhuka Kutoka Juu ya Ghala la Kasense

Saa mbili asubuhi Tadei yuko juu ya paa la ghala la kijiji cha Kasense, anafunga matita ya nyasi kwa kamba za magome. Nyaya za umeme zinapita jirani na kichwa chake. Zimezimwa.

Chini, Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Clemens, analinda kamba iliyozungushwa upande huo wa ghala. Mkewe, Kristiana, amewaletea mafundi togwa.

"Weka hapo hapo!" anafoka Mwenyekiti.

"Baba Maria, hata mimi?"

"Hata wewe. Jina lako halimo kwenye barua."

Watu wanaangua kicheko, maana jana hakusema hivyo.

Kuta za ghala hili zilitangulia. Nguzo zilikuja mwaka jana, kupeleka umeme kwenye pampu ya maji. Sheria inamkataza mtu asiye wa umeme kufanya kazi karibu na laini hiyo ya volti elfu kumi na moja, hata ikizimwa. Basi ghala likabaki nusu uchi, bila paa upande wa laini. Mahindi ya kijiji kizima yamelala uani chini ya turubai lililotoboka, na mvua za Novemba hizo zinakuja.

Kijiji kikaomba kilegezewe sheria. Ofisi ya umeme ikakubali, kwa masharti: wapande Tadei na msaidizi wake Evaristi tu, swichi izimwe asubuhi tu, fundi wa umeme Andwele awepo, na mwingine yeyote asivuke kamba.

"Nilipomsomea mke wangu barua ile," anasema Tadei, mwenye miaka hamsini na miwili, "Silvana akaniuliza, 'Wewe umeruhusiwa. Umeme nao umesomewa?'"

Jana kazi ilikwenda polepole. Mwenyekiti akaangalia mawingu, akaita watu. Wakaja kama wanaokwenda shamba la ujamaa, wakavuka kamba, wakaanza kurusha nyasi juu kwa mianzi mirefu yenye panda.

"Barua ni ya kijiji!" Mwenyekiti alisema. "Hapa hakuna ruhusa ya mtu mmoja. Kila kitu ni chetu sote."

Andwele alipiga filimbi, hakuna aliyemsikiliza. Tadei akateremka, akakaa juu ya tita.

"Unagoma, Tadei?"

"Nimegoma, Ndugu Mwenyekiti. Ukitaka, panda wewe. Mimi nitakushikia ngazi."

Wakabishana. Wengine walimwita mwoga, wengine wakasema anataka sifa peke yake. Tadei akabaki amekaa juu ya tita. Muda wa kuzima ukaisha kazi ikiwa haijaisha. Andwele akawarudisha wote nyuma ya kamba, akaenda kuwasha swichi iliyo kwenye nguzo ya barabarani.

Mwanzi mmoja mbichi ulikuwa umesahaulika, umeegemezwa ukutani. Upepo ukausukuma mpaka kwenye waya. Ukasikika mlio kama wa bunduki, ikaruka cheche, mwanzi ukaanguka ukifuka moshi. Pale ulipoangukia hapakuwa na mtu.

Mwenyekiti alivua kofia. "Nilikuwa nimesimama pale," alisema, akakaa chini palepale alipokuwa.

Andwele anakiri kosa lake waziwazi: "Niliangalia watu, sikuangalia mianzi. Mzee Tadei asingeshuka, wangekuwa bado wanarusha nyasi, muda ukipita, watu wakiwa humo humo."

Usiku Tadei alilala fofofo, anasema, kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije.

Leo Andwele amelizunguka ghala mara mbili kabla ya kuruhusu ngazi isimamishwe. Tita la mwisho linafungwa kabla ya adhuhuri. Wanawake wanapiga vigelegele, magunia yanaingizwa mbio mbio, na alasiri mvua inashuka kwa nguvu. Tadei anaingia ghalani, anatazama juu pembe zote. Hakuna panapovuja. Anacheka peke yake.

Nyumbani kwake bado wanawasha koroboi, ingawa nyaya zinapita juu ya mji wake. Umeme nyumbani ndio anaoutaka sasa, kabla hajazeeka.

"Nitaomba tena," anasema, akijipangusa maji usoni. "Safari hii sitaki kuukaribia mimi. Nataka uje wenyewe nyumbani, upitie ukutani kistaarabu, na swichi akae nayo Silvana."