Mtoto wa Kumi na Mbili

Nakumbuka asubuhi moja ya Januari, mwanangu, ukungu umeshuka mtaa wa Al Warqa, Dubai, hata nyumba ya jirani huioni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Likoni, Mombasa, miezi mitatu tu, msaidizi wa mwalimu katika chekechea kama hiyo unayokwenda kuanza kazi wewe Jumatatu.

Watu wa kwetu hucheka wakisikia Dubai kuna baridi. Ipo. Si ya theluji, lakini utatafuta sweta, na ndiyo miezi ambayo mtoto anaweza kucheza nje bila kuungua na jua. Kwa hiyo madam, mkuu wetu wa shule, alitaka watoto watoke kila asubuhi waende bustani ya jirani, watazame na kushika.

Siku hiyo tulitoka wawili: mimi na Bi Zuhura, mama wa Kiunguja aliyefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko sote. Watoto kumi na wawili, wa miaka minne na mitano, wameshika kamba ndefu. Yeye mbele, mimi nyuma.

Baridi ilikuwa imeniingia, nikawa nawaza chai tu. Wakati wa kurudi mtoto mmoja, Mariam, alichuchumaa penye kichaka akaniuliza, "Miss, nani kamwagia majani maji? Mvua haikunyesha."

"Khalas, basi, Mariam, yalla, twende! Shika kamba."

Sikungoja kuona kama ameshika. Nilikuwa natazama simu.

"Wote wapo?" Bi Zuhura akauliza kutoka mbele.

"Wapo."

Langoni mwa shule akawahesabu mwenyewe, akimgusa kila mtoto begani. Kumi na mmoja. Akarudia. Kumi na mmoja.

Mwanangu, aliyekosekana ni Mariam. Kando ya bustani ile kuna barabara, na katika ukungu gari huioni mpaka ikufikie. Tukawaacha watoto kwa mwalimu, tukarudi mbio. Mimi nilikimbilia barabarani, naita mpaka sauti ikanikauka. Hakuwepo. Bi Zuhura ndiye aliyemkuta, pale pale kichakani, anagusa matone na kulamba kidole.

Nilipofika nilitaka kumfokea. Bi Zuhura akaniashiria ninyamaze, akachuchumaa naye.

"Umeona nini, mama?"

"Maji haya hayana chumvi."

"Huo ni umande. Hewa ikipoa usiku, huacha maji kwenye majani."

Mtoto akaridhika, akampa mkono wakaondoka. Jibu lenyewe halikuchukua hata dakika.

Njiani Bi Zuhura hakupaza sauti. "Umenambia wapo, na hukuwatazama. Madam utamwambia wewe, leo hii. Mimi sitakusemea, wala sitakuficha."

Nilimwambia. Madam akampigia mama yake Mariam, akanipa simu nieleze mwenyewe. Yule mama akauliza, "Alikuwa analia?" Nikasema hapana. Akakata simu.

Sikufukuzwa, lakini msimu ule wote sikutoka tena na watoto. Nilibaki ndani naosha vikombe, nawaona dirishani wakiokota majani na kuwafuata ndege. Hakuna adhabu iliyoniuma kama ile. Mwaka uliofuata ndipo Bi Zuhura aliponirudisha nyuma ya kamba.

Basi nakuambia, mwanangu: ukitoka nao, vaa vizuri, maana anayetetemeka hana subira na mtoto. Wahesabu kwa kuwagusa, na simu iache ndani. Mtoto akiuliza, simama umjibu; hujui, mwambie hujui, kisha mtazame wote wawili. Wao wametoka kuona dunia, nawe umepelekwa kuwa nao, si kuwapeleka na kuwarudisha kama mizigo. Na ukikosea, kosa liseme kwa mdomo wako mwenyewe, mapema, hata kama litakugharimu kazi.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuwaona na uvumilivu wa kuwasikiliza. Kila mama anayekukabidhi mwanawe asubuhi ampokee mzima, akiwa na jambo la kumsimulia. Amina.